Shanga za Mama Kisioki

Zamda Athumani hakuwa na ugomvi na rangi yoyote duniani mpaka alipopewa kazi ya kutengeneza tovuti ya Kisioki Lesian. Siku hizi akiona nyekundu, hata iwe ya nyanya kwenye genge, anakunja uso, na asiyejua kisa atadhani ni maringo. Si maringo. Ni hasira, tena ya haki, na msikilizaji mwenyewe ataamua.

Baba yake, marehemu Athumani, alikuwa fundi wa mabango pale Ngarenaro, Arusha. Saluni, bucha, gereji, duka la dawa, nusu ya maandishi yaliyokuwa yakisomwa mtaani yalitoka mkononi mwake, na Zamda alikua akiosha brashi kwa mafuta ya taa na kukoroga rangi kwenye makopo ya maziwa. Mashine za kuchapa mabango ya plastiki zilipoingia mjini, kazi ya mzee ilitangulia kufa, naye akafuata miaka michache baadaye. Zamda akahamia kwenye kompyuta. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, kati ya fundi wa kuchomelea mageti na muuza viatu vya mtumba, na juu ya mlango ameandika mwenyewe, kwa brashi, kwamba hapo zinatengenezwa tovuti na mabango.

Ukitaka kumuudhi haraka, mwoneshe tovuti za kampuni za utalii za mji huu. Zote utadhani zimezaliwa na mama mmoja. Juu kuna jua linazama nyuma ya mgunga, katikati simba anapiga miayo, chini vijana wa Kimasai wanaruka, na kila kitufe cha kubonyeza ni chekundu. Ukifuta majina ya kampuni, wenyewe hawatajua ipi ni ya nani. Zamda huwaambia wateja wake jambo hilo bila kumung'unya maneno, ndiyo maana baadhi yao hawarudi.

Kisioki alikuja kwake kwa sababu alichoka kufanana na wenzake. Hivyo ndivyo alivyosema, na Zamda akamwamini. Ofisi yake iko Njiro, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na geti linalojifungua lenyewe, lakini kwao hasa ni upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu ya Ngaramtoni, kwa Waarusha, jamaa za Wamasai, wenye migomba, mahindi na ng'ombe wachache wa zizini. Alikuwa amepata wazo. Wageni wasiishie mbugani tu, wapelekwe kwao, walale kwenye nyumba ya familia, wavune maharage, wapande hadi ukingoni mwa msitu, wakirudi wanywe chai na mama yake. Mama ndiye angekuwa mwenyeji, kwa hiyo uso wa mama ndio ungewapokea watu kwenye tovuti.

"Nenda kapige picha mwenyewe," alimwambia Zamda. "Wewe una jicho."

Zamda huwa hachagui rangi kabla hajaona mahali. Akaenda. Mama Kisioki, jina lake Nosim, alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba anachambua maharage. Alikuwa amejifunga nguo ya buluu nzito, karibu na nyeusi. Kichwa kilikuwa kimenyolewa. Shingoni hapakuwa na kitu, mikononi hapakuwa na kitu, na masikio yake, yaliyotobolewa na kuvutwa tangu usichana, yalining'inia matupu.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

Yule mama aliinua macho. "Marahaba. Nani kakwambia nina msiba? Kisioki?"

"Hajaniambia. Nimeona tu. Mama yangu naye alikaa eda. Dhahabu zake zote zilikuwa kabatini, hata hereni."

Basi ikawa kama wanafahamiana. Mama Kisioki alimsogezea kigoda cha pili, akaeleza kwamba mzee Lesian alikuwa amefariki mvua za mwaka uliopita, na kwamba yeye angekaa bila mapambo mpaka mwaka utimie. Watoto wa siku hizi wengine hawafuati, wengine wanafuata nusu, yeye anafuata yote. Jumapili anafunga kitambaa kichwani anakwenda kanisani, na mchungaji hajawahi kumuuliza neno.

"Shanga ni shanga," alisema, akigusa ndewe ya sikio. "Lakini hivi vya masikioni, vya waya vilivyozungushwa, hivyo ni vya mume. Mwanamke akivivaa, mtu yeyote akipita anajua mwenye nyumba yupo."

Zamda alimweleza habari za tovuti, akamuuliza kama angependa picha ingoje mpaka amalize mwaka. Mama Kisioki akafikiri kidogo, mikono ikiendelea na maharage.

"Piga," alisema. "Nimefiwa, sikuiba. Wakija watanikuta hivi, basi wanione hivi. Lakini msinipambe."

"Sitakugusa, mama."

Akampiga picha. Alipoitazama kwenye kioo cha kamera, Zamda alijua papo hapo kwamba hajawahi kupata picha kama ile. Yule mama alikuwa ametazama mbele, hakutabasamu wala hakununa, ametulia kama mtu aliye kwake.

Picha ile ilimwamulia kila kitu. Rangi alizitoa mlemle ndani yake. Kijivu cha vumbi la Meru, lile vumbi la majivu linaloshika viatu, akakifanya rangi ya nyuma. Buluu nzito ya ile nguo ikawa ya maandishi. Kijani cha jani la mgomba akakiweka mahali pamoja tu, kwenye kitufe cha kuomba nafasi, ili mgeni asihangaike kukitafuta. Picha akaisimamisha upande wa kushoto, ndefu, inashika nusu ya ukurasa, na kulia akaacha nafasi nyingi na maneno machache. Alitaka macho yaanzie usoni, yateremke kwenye mikono na maharage, ndipo yahamie kwenye maneno. Alichapa ukurasa ule kwenye karatasi kubwa, akaubandika mlangoni kwake, akawa anawauliza wapita njia wanaona nini kwanza. Fundi wa mageti alivua miwani yake ya kuchomelea, akasema, "Namwona mama wa mtu, na ningependa kumwamkia." Zamda hakuhitaji sifa nyingine.

Akapanda bodaboda mpaka Njiro na kompyuta kifuani.

Kisioki aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Dada Zamda, umenitengenezea tovuti au tangazo la kifo?"

Zamda alidhani anatania.

"Kazi ni nzuri, sikatai," Kisioki aliendelea. "Lakini imepoa. Nyekundu iko wapi? Mgeni asipoona nyekundu anadhani amepotea njia."

"Bosi, nyekundu wanayo wote. Wewe mwenyewe ulisema umechoka kufanana nao. Kule kwenu nimekaa mchana kutwa, kitu chekundu nilichokiona ni lori la mchanga."

"Wewe weka nyekundu. Na njano, na zile pembetatu za shanga pembeni, zizunguke ukurasa mzima. Picha usiisimamishe hivyo, ilaze, ijae juu kutoka ukuta hadi ukuta. Halafu mama." Alisogeza kidole mpaka kwenye uso wa mama yake, akasita, akakiondoa. "Mama mvishe."

"Nimvishe nini?"

"Shanga. Si una programu zako? Shingoni, kichwani, masikioni. Ajae jae."

Zamda alihisi damu inampanda mpaka kwenye nywele. Yeye si mtu wa kupaza sauti ofisini kwa watu, kwa hiyo alianza taratibu, kama unavyoanza na mtoto anayetaka kushika jiko.

"Kaka Kisioki, mama yako amefiwa."

"Najua amefiwa. Aliyekufa ni baba yangu."

"Basi unajua kwa nini hajavaa."

"Mimi najua. Mgeni wa Ulaya hajui. Yeye ataona bibi mgonjwa, atafunga ukurasa, ataenda kwa jirani yangu kwenye vijana wanaoruka."

"Tusubiri mwaka uishe. Atavaa mwenyewe, nitakwenda kumpiga tena, na sitakudai."

"Msimu haunisubiri."

"Tuweke mikono yake peke yake, akimimina chai."

"Mikono haina sura."

"Mlango wa nyumba, basi."

"Mlango hauuzi." Kisioki alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona mazungumzo yameisha. "Dada yangu, hii ni picha. Picha si mtu."

"Mbona unaiuza kama mtu?"

Kicheko kikakatika. Kisioki aliegemea kiti chake kinachozunguka, akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Hebu nikuulize," alisema. "Ni mama yangu au ni wako? Wewe Mswahili wa Ngarenaro ndiye utakayenifundisha mila za Waarusha?"

Hapo ndipo palipomuuma. Babu yake Zamda alikuja Arusha kutoka Kondoa kabla huyo Kisioki hajazaliwa. Baba yake alizaliwa hapa, akafa hapa, akaandika majina ya watu wa kila kabila kwenye milango ya mji huu bila kukosea hata moja. Na bado mtu aliyepelekwa shule ya bweni akiwa mdogo, akarudi likizo kula nyama choma na kuondoka, anamwambia yeye ni mgeni. Tena katika jambo ambalo kipofu angeliona! Kwani lazima uwe Mwarusha ndipo ujue kwamba mjane harembwi kwa ajili ya biashara? Zamda alikusanya nyaya zake.

Alipofika mlangoni alisikia Kisioki anasema kwa sauti nyingine, ya chini. "Hiyo picha kila nikiitazama namwona mzee kwenye jeneza. Nataka nikifungua ukurasa asubuhi nimwone mama kama alivyokuwa zamani. Ni kosa hilo?"

Zamda aligeuka. Kwa muda kidogo kweli alimwonea huruma, maana yeye naye aliwahi kukaa wiki nzima bila kuweza kugusa brashi za baba yake. Lakini akafikiria. Ukitaka kumwona mama yako kama zamani, kuna albamu. Kuna picha ya ukutani. Huhitaji kumpamba uongo kisha ukamweka dirishani wapita njia wamchague.

"Si kosa kumkumbuka," alisema. "Lakini nilimpa neno langu kwamba sitamgusa."

"Basi usimguse," Kisioki akajibu. "Wapo watakaomgusa."

Zamda hajamaliza hata kuvua viatu nyumbani, simu ikalia. Kisioki alikuwa ametuma picha kwa wasapu. Hakumtafuta hata fundi. Aliiandikia tu programu ya akili mnemba kwenye simu yake, nayo ikafanya ilivyoagizwa, haina mama, haina msiba, haina aibu. Mama Kisioki alikuwa amevaa sahani za shanga shingoni kufika mabegani, nyekundu na njano na chungwa. Kichwani alikuwa na ukanda wenye vijibati vinavyong'aa juu ya paji la uso, kama msichana anayetolewa kwao siku ya harusi. Masikioni zilining'inia zile waya zilizozungushwa, mbili, za shaba, zinameremeta. Na mashine, kwa ukarimu wake, ilikuwa imemwongezea tabasamu. Chini Kisioki ameandika: "Weka hii. Umeona ilivyo rahisi?"

Zamda alitukana. Alitukana tusi ambalo baba yake hakuwahi kumsikia nalo, na mama yake, Faudhia, aliyekuwa anakuna nazi jikoni, akatoka na mbuzi ya kukunia mkononi kuuliza kuna nini.

Akamwonesha picha zote mbili, ya kwanza kisha ya pili. Faudhia aliweka mbuzi chini. Alijifuta mkono, akaichukua simu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Huyu mama ameiona hii?"

"Hajaiona. Ataionea wapi? Simu yake ni ya tochi."

"Majirani zake je? Watoto wa majirani?"

Zamda alijua jibu. Kule juu ya Ngaramtoni kila kijana ana simu, na tovuti yenye mama wa kijijini ingezunguka kwenye makundi ya ukoo kabla hata mgeni mmoja hajaiona. Watu wangesema Mama Kisioki ametupa msiba wa mume wake kabla mwaka haujatimia. Wangesema amejipamba kama mwari ili apigwe picha na Wazungu. Atakwenda kanisani na kitambaa chake kichwani, wanawake wenzake watamtazama, na yeye hatajua anatazamwa kwa lipi. Mwaka mzima wa kujizuia, ufutwe na mtu aliyeketi kwenye kiti kinachozunguka.

"Naiacha hii kazi," alisema. "Kesho namrudishia kila kitu chake."

"Ukiiacha, ataacha kuiweka?" Faudhia aliuliza.

Hapo Zamda akakaa kitako. Mama yake alikuwa amesema kweli. Akijitoa, jina lake litabaki safi, na ule uso utawekwa jioni hiyohiyo na mwingine asiyejua lolote. Usafi wa namna hiyo una faida gani kwa mwenye uso?

Akameza hasira, na haikushuka vizuri. Asubuhi akampigia Kisioki, akamwambia atafanya yote. Ataweka nyekundu, njano, pembetatu, picha ya kulala kutoka ukuta hadi ukuta. Ila kwao hakuna bango linalopanda kabla mwenye bango hajasimama mbele yake akalitazama. Baba yake hakuwahi kupandisha hata la kinyozi bila hilo, na yeye hataanza leo. Mwenye bango hili ni mwenye uso. Kisioki alicheka kwenye simu, kicheko kirefu cha kufurahi.

"Hilo tu? Mama hawezi kunikatalia mimi. Jumapili baada ya ibada twende pamoja, uone."

Zamda akaifanya ile kazi kama anavyoifanya kazi yoyote, maana hata akichukia hajui kuharibu makusudi. Alipanga nyekundu ikae vizuri na njano, akazipima pembetatu zisimeze maandishi. Kila alipomaliza kipande aliondoka mezani akaenda kusimama nje. Ukurasa ulipotimia ulikuwa unapendeza, na hilo lilimuudhi kuliko yote. Ungeuza. Kisioki alikuwa sahihi kuhusu hilo.

Jumapili walikwenda kwa gari la Kisioki. Njiani aliongea peke yake, habari za wageni wa Juni na vitanda alivyoagiza. Gari lilipita kando ya migomba, na pale pembeni ya nyumba palikuwa na kaburi la mzee Lesian, saruji iliyofifia na majani yameota kuzunguka. Kisioki alilipita bila kugeuza shingo, akaegesha gari upande wa juu, nyuma ya zizi.

Mama Kisioki alikuwa amerudi kutoka kanisani. Aliwakaribisha sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, akaleta chupa ya chai na vikombe. Kisioki alimsalimia, akainamisha kichwa naye akakigusa, kama alivyozoea tangu utoto. Mambo yalikuwa mazuri. Akaifungua kompyuta mezani, akamsogezea mama yake kiti, na akasema, kwa fahari ya kweli kabisa, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "Yeyo, tazama. Dunia nzima itakuona."

Ukurasa ukafunguka, mwekundu.

Mama Kisioki alisogeza uso. Alipangusa macho kwa ncha ya nguo yake, akatazama tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, yeyo."

Mama Kisioki alitazama zile shanga za shingoni, akashuka nazo mpaka mabegani, akapanda mpaka kwenye vijibati vya kichwani, akafika kwenye tabasamu na kukaa hapo muda. Mwisho akafika masikioni. Mkono wake ukapanda wenyewe ukashika ndewe yake tupu.

"Binti," alimwita Zamda bila kumtazama. "Ni wewe umenivisha?"

"Hapana, mama."

"Ni mimi, yeyo," Kisioki akasema haraka. "Si kitu kikubwa. Simu tu imefanya. Wageni wanapenda hivyo, na kwenye picha haina maana yoyote. Picha si—"

Mama yake alikuwa ameinuka. Alichukua kikombe, akamimina chai, akakiweka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kikubwa ambacho hakuna aliyekikalia. Akarudi kukaa.

"Basi kamwite baba yako," alisema.

Kisioki alitabasamu, akamtazama Zamda ili watabasamu wote. Zamda alimtazama tu.

"Yeyo..."

"Mke wake amevaa. Dunia nzima itamwona amevaa, ndivyo ulivyosema. Kwa hiyo mume yupo. Kamwite, chai inapoa."

"Yeyo, ni picha."

"Picha nimeiona. Macho yangu si mabovu kiasi hicho. Simama, Kisioki."

Alisema kwa Kiswahili, na Zamda alielewa kwamba alichagua Kiswahili ili mgeni asikie. Kisioki alikuwa mtu mzima, mwenye watoto, mwenye ofisi na geti linalojifungua. Alisimama. Alingoja kidogo kuona kama mama yake atacheka, akaona hacheki, akatoka nje.

Wakamwona kupitia dirishani anavyoshuka kwenye migomba. Alikwenda polepole, akifuta viatu kwenye majani kana kwamba vimechafuka, na alipofika kwenye kaburi akasimama mbali nalo kidogo, mikono ameiweka mifukoni, kisha akaitoa.

"Tangu tumzike hajafika pale," Mama Kisioki alimwambia Zamda. "Kila akija anapitisha gari huku juu. Mimi namwona. Nimenyamaza, nikasema ni uchungu, utaisha. Kumbe ananivisha ili asiuone."

Zamda alikuwa amekuja na maneno mengi. Aliyapanga usiku na mchana, makali yote, na sasa hayakuwa na kazi. Aliona aibu kuwepo, na papo hapo alifurahi kuwepo, na hasira yake kwa yule mtu wa kule nje haikupungua hata chembe. Alijaribu kumhurumia tena kama siku ile mlangoni, akashindwa.

Mama Kisioki alifungua dirisha.

"Kisioki!" aliita, kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya shamba. Kuku wakatawanyika. "Baba yako anasemaje?"

Kule kwenye migomba, Kisioki hakugeuka.

"Nakuuliza! Anakuja?"

Mabega ya Kisioki yalikuwa yanatikisika. Alichuchumaa kwenye majani yaliyoota kando ya saruji, akashika uso kwa mikono miwili. Mama yake alimtazama kwa muda. Kisha akafunga dirisha, taratibu, akarudi mezani, akaigeuza kompyuta ikamwelekea Zamda.

"Hajibu," alisema. "Nivue."

Zamda akavuta kiti. Akaiweka ile picha ya kwanza chini ya picha ya pili, akaanza kuifuta ya juu kidogo kidogo ili ile ya chini ionekane, na Mama Kisioki akasogea karibu kutazama. Alianzia masikioni.